Masaa Mawili Tu

Kilichomuuma Fundi Vioo hakikuwa mtungi wa gesi. Mtungi ulikuwa kisingizio, na jambo hilo alikuja kulikiri mwenyewe mbele ya watu, wakati kukiri hakukuwa tena na faida kwa mtu yeyote. Kilichomuuma ni mkono.

Ilikuwa Alhamisi jioni, jua halijazama, na ua mzima uko nje. Aliporudi kutoka kazini alimkuta mkewe amechuchumaa anapuliza mkaa, macho mekundu kwa moshi, na kule jikoni, mahali pa mtungi, pamebaki duara safi sakafuni. Hakuuliza nani aliyeuchukua. Alivua mkanda. Mwanawe, kijana wa miaka kumi na sita ambaye nyumba nzima ilimwita Chelewa kwa sababu alizaliwa wiki mbili baada ya siku aliyotarajiwa, alikuwa amekaa kizingitini akichokoa kucha kwa njiti ya kiberiti. Fundi akanyanyua mkanda. Kabla haujashuka, kijana akasimama, akakidaka kifundo cha mkono wa baba yake, akakishikilia hewani.

Hakumsukuma wala hakumtukana. Alimshika tu. Baba mtu akauvuta mkono wake, haukuja. Akauvuta tena, haukuja.

"Basi, baba," Chelewa akasema kwa sauti ya chini.

Jirani aliyekuwa anaanua nguo alibaki amekumbatia shuka. Mtu mmoja upande wa pili wa ua akacheka, pengine alikuwa anacheka yake mengine. Kijana akauachia mkono taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu mahali pake, akatoka nje ya geti. Fundi akabaki amesimama na mkanda wake, na suruali imeanza kumteremka.

*

Asubuhi ya Ijumaa mkewe alikuwa anapiga pasi sare yake. Alikuwa dobi wa hospitali, mwaka wa tisa huo, na wiki hiyo alikuwa zamu ya mchana, inayoanza saa nane. Fundi alisimama mlangoni na kikombe cha chai, hanywi.

"Nimezungumza na Sajenti," akasema.

Mama Chelewa alimjua Sajenti. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa kituo kidogo cha polisi kule barabarani, ambako tangu Jumatatu mumewe alikuwa akibadilisha vioo vya madirisha.

"Umezungumza naye nini?"

"Chelewa apelekwe pale. Akae ndani masaa mawili, aone wenzake waliotangulia. Haandikwi popote, hapigwi. Akitoka atakuwa na adabu zake."

"Saa mbili za asubuhi au za usiku?"

"Masaa mawili, mke wangu, siyo saa mbili."

Wakakaribia kucheka wote wawili, wakakumbuka kinachozungumzwa, wakaacha.

"Samaki mkunje angali mbichi," Fundi akasema.

"Huyu ana miaka kumi na sita, Baba Chelewa. Amekwisha kauka. Ukimkunja sasa atavunjika."

"Na ni nani aliyemwacha akakauka? Barua mbili za shule zilikaa chini ya godoro lako. Ukaenda na kaka yako, akasimama mbele ya mwalimu mkuu akajiita mimi. Mimi! Mwalimu akampa mkono, akamwambia, mzee, pole na kazi ya vioo. Sasa amesimamishwa shule wiki nzima, na hili la mtungi tunaambiana kwa sababu moshi haufichiki."

Mama Chelewa alijua kuwa yote yalikuwa kweli. "Nilikuwa naogopa mkanda wako," akasema.

"Basi usiogope tena. Jana umeziona nguvu zake."

Alipiga pasi mkono mmoja wa sare mara mbili, akausahau wa pili. "Fanya unavyojua," akasema.

Lakini Fundi hakuondoka. "Nikimwita mimi hatakuja. Mtume wewe. Mpe chakula changu cha mchana aniletee kituoni."

Hapo ndipo Mama Chelewa angeweza kukataa. Alikuja kuirudia dakika hiyo mara nyingi mno, akiwa ameinamia mashine za kufulia, na kila mara alijikuta amesimama na pasi mkononi, na kinywa kiko wazi kabisa kusema hapana. Hakusema. Alikuwa amechoka. Kwa muda wa mwaka mzima sikio lake moja halijawahi kulala, linangoja mlio wa geti. Alitamani mchana mmoja tu ambao mtu mwingine ndiye atakayejua mwanawe yuko wapi.

"Atakuja saa saba," akasema.

*

Alipika mapema. Alipakua kwenye hotipoti, akaongeza, akaongeza tena, mpaka kifuniko kikakataa kufunga na ikabidi akikandamize kwa kiganja. Chelewa alikuwa amelala chali kwenye kochi, miguu imevuka mwisho wa kochi kwa urefu.

"Mpelekee baba yako chakula. Yuko kituoni anaweka vioo."

Kijana akainuka nusu. "Bado amekasirika?"

"Yamekwisha. Nenda kabla hakijapoa."

Akaenda chumbani, akarudi amevaa shati jeupe la shule. "Siingii kituo cha polisi na fulana yenye matundu," akasema. "Watadhani nimekuja kujisalimisha." Mdogo wake wa kike, mtoto wa miaka minane aliyeitwa Bibi kwa sababu alipewa jina la bibi yake, akacheka sana, akatafuta viatu amfuate.

"Wewe huendi!" mama yao akafoka, kwa ukali ambao haukulingana na jambo lenyewe. Bibi akaganda na kiatu mkononi. Chelewa akamtazama mama yake, kisha akaitazama hotipoti, akaichukua kwa mikono miwili akatoka.

Fundi alikuwa juu ya kigoda, anakwangua puti kavu iliyoshikilia kioo cha zamani, aliposikia nyuma yake: "Shikamoo, baba. Chakula."

Kabla hajaitikia, Sajenti akajitokeza mlangoni, mtu mnene mcheshi, mkanda umejificha chini ya tumbo. "Ahaa! Huyu ndiye bondia? Anayemkaba baba yake mkono hadharani? Njoo huku nikuoneshe mabondia wenzako."

Chelewa akageuka. "Baba?"

Kulikuwa na puti mpya pembeni mwa dirisha, Fundi alikuwa ameshaibana vizuri tangu asubuhi. Aliinamia pale pale akaanza kuibana upya kwa kidole gumba. Alisikia viatu vikivuliwa. Akasikia ufunguo, na sauti za vijana wengine ndani zikimkaribisha mgeni kwa mizaha. Alipogeuka, hotipoti ilikuwa juu ya kaunta peke yake.

"Nenda kafanye kazi yako, Fundi," Sajenti akasema akijifuta mikono kama mtu aliyemaliza kupanda mche. "Saa tisa uje umchukue kondoo wako."

Kioo cha dirisha la mwisho kilikuwa kimepungua upana wa kidole, kwa hiyo Fundi alirudi karakana kukata kingine. Akakwaruza mstari, akabonyeza, kikapasuka kombo. Akakata cha pili, nacho kikapasuka. Vijana wake wa kazi wakatazamana, maana mkono wa mzee haukuwa na tabia hiyo. Cha tatu kilikubali. Alipofika kituoni nacho ilikuwa saa kumi kasoro robo.

Sajenti hakuwapo. Lori lilikuwa limegongana na basi huko barabara kuu, ameitwa na wakubwa, na simu yake haipatikani. Kwenye kaunta alikaa Koplo ambaye Fundi hakupata kumwona, kijana nadhifu mwenye mwandiko mzuri.

"Nimemfuata mwanangu. Mwenye shati jeupe la shule."

"Wale waliovunja duka? Wameondoka na gari saa nane na nusu. Wako rumande mjini. Jumatatu mahakamani."

"Huyo hakuwa pamoja nao."

Koplo akafungua kitabu, akapitisha kalamu kwenye mstari. "Nilipokabidhiwa zamu, kitabu kilisema sita. Nikahesabu ndani, wako saba. Nikamwandika wa saba. Nilimuuliza, umefanya nini? Kimya. Nikamuuliza, nani aliyekuleta hapa? Akasema..." Akainua macho. "Akasema, baba."

"Ndiye mimi."

"Basi ulimleta kwa kosa gani, mzee?"

Kwenye benchi walikuwapo watu watatu wanaongoja shida zao, na wote watatu wakaacha kuzingoja. Fundi aliona kuwa akitaja mtungi, mwanawe ataandikwa mwizi kwa kalamu ile nzuri. Akinyamaza, ameandikwa tayari.

"Nilitaka atishwe kidogo," akasema.

Mmoja wa wale watu akapiga mguno wa kicheko. Koplo hakucheka. "Hapa hatuandiki kutishwa," akasema, akafunga kitabu.

*

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kulikuwa na mvuke mzito. Mama Chelewa na mwenzake walikuwa wanakunja shuka, kila mmoja ameshika pembe zake mbili, wanakutana katikati na kuachana kama watu wanaocheza ngoma, alipomwona mumewe mlangoni ameikumbatia hotipoti. Haikuguswa. Pembe za shuka zikamtoka mkononi.

"Yuko wapi?"

Fundi akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia kwenye lori na basi, kana kwamba ajali ile ndiyo iliyomfungia mwanawe. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Fundi alikuwa amejiandaa kwa lile neno ambalo kila mke angelisema, nilikuambia, na laiti angelisema lingempunguzia kitu. Hakulisema.

"Shati lenyewe nililifua juzi," akasema tu. "Nililipiga pasi mwenyewe."

Walifika rumande muda wa kuona mahabusu umekwisha. Jumamosi wakarudi mapema, wakasimama kwenye foleni ya wanawake wengi na wanaume wachache. Kumwona hakuruhusiwi mpaka mahakama iseme, ila vitu vinapokelewa. Askari wa dirishani aliikata sabuni vipande viwili kuangalia ndani, akazikung'uta nguo za ndani za Chelewa hewani, moja moja, mbele ya foleni yote. "Hizi za mtoto au za mtu mzima?" akauliza, na watu wakacheka kidogo kwa kumwogopa.

"Za mtoto," Mama Chelewa akasema.

"Mtoto hafiki huku, mama."

Jumapili, baada ya saa sita mchana, Sajenti akaja nyumbani. Alivaa kiraia, akaonekana mdogo. Alikaa kwenye lile kochi la Chelewa, akaomba maji, akayamaliza.

"Fundi, mimi na wewe ni watu wa siku nyingi," akaanza. "Kesho mkifika mahakamani semeni hivi: kijana alileta chakula, pakatokea msukumano wa watu, akachanganywa. Makosa ya kibinadamu. Ataachiwa pale pale. Ila jina langu lisitajwe. Mimi sikumwandika popote, mnaelewa? Nikiulizwa, simjui."

"Kwa hiyo mwanangu alijifungulia mwenyewe akaingia?" Mama Chelewa akauliza.

"Shemeji, tusigombane. Na sisi wazazi tukubali, wahenga walishasema, asiyefunzwa na mamaye..."

"Malizia."

Sajenti akaitazama glasi tupu.

"Malizia, shemeji. Nakusikiliza."

Hakumalizia. Alipoondoka, Fundi akasema kwamba ile ndiyo njia fupi, waipite, waje wagombane baadaye mtoto akiwa nyumbani.

"Amekaa mle ndani kwa uongo wetu," mkewe akasema. "Tukamtoe kwa uongo mwingine?"

"Tukisema ukweli watatuweka ndani sisi."

"Watuweke," akasema Mama Chelewa. "Si masaa mawili tu?"

*

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo aliyetazama watu juu ya miwani. Vijana saba wakaingizwa wamefungwa pingu wawili wawili, na wa saba, kwa kukosa mwenzake, amefungwa peke yake. Fundi hakumtambua mara moja. Alikuwa amenyolewa nywele zote. Mdomo wa chini umevimba upande mmoja, na shati la shule limepoteza weupe wake. Miguuni hakuwa na kitu. Alitembea huku akitazama visigino vya aliye mbele yake.

"Huyu wa saba ana mzazi hapa?"

Fundi akasimama. Alisema kama alivyofundishwa: chakula, msukumano, makosa ya hesabu. Sauti yake ilitoka vizuri, hadi akajishangaa.

"Nimeelewa kuhusu chakula," hakimu akasema. "Sijaelewa mlango ulifunguliwaje. Polisi hawana kawaida ya kumfungia mtu kwa kuleta chakula. Kulikuwa na nini?"

Fundi akainua macho. Feni ilizunguka darini. Nyuma yake akasikia benchi likilia.

"Tulimpeleka sisi," Mama Chelewa akasema.

Chelewa hakuinua kichwa.

"Ni mimi, mheshimiwa," Fundi akasema haraka. "Nilipanga na Sajenti wa kituo kile amfungie kidogo, aogope. Mke wangu alikataa."

"Sikukataa," mkewe akasema. "Nilimtuma. Alikuwa hajui. Aliniuliza kama baba yake bado ana hasira, nikamwambia yamekwisha."

Watu waliojaa mle ndani, waliokuwa wananong'onezana ya kesi zao, wakageuka mmoja mmoja kumtazama.

"Alikuwa amefanya nini?" hakimu akauliza.

"Aliuza mtungi wa gesi wa nyumbani," Fundi akasema. Kisha akaona kwamba hata hilo, ingawa ni kweli, bado lilikuwa uongo. "Lakini sikumpeleka kwa ajili ya mtungi, mheshimiwa. Alinishika mkono. Nilitaka kumpiga akanishika mkono, majirani wanaona, na nikashindwa kuutoa."

Hakimu aliandika muda mrefu. Alipomaliza alivua miwani. "Mchukueni mtoto wenu. Habari za huyo Sajenti zitafuatwa na wanaohusika. Na nyinyi, mahakama hii haina adhabu ya kuwapa. Ningekuwa nayo, nadhani mngeipokea kwa shukrani."

Nje, kwenye ngazi, Mama Chelewa alivua kandambili zake akamwekea mwanawe miguuni. Zilikuwa ndogo, visigino vikabaki chini. Alizivaa bila kubisha. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza kumtisha mama yake.

*

Shati lile alilifua mwenyewe nyumbani, kwa mkono. Miaka tisa alikuwa amefua damu za watu asiowajua, na alijua kwamba damu haitaki maji ya moto. Ya mwanawe ilitoka kwa maji baridi kama za wengine wote. Chelewa hakusema mle ndani kulipita nini, na alipoulizwa alijibu, "Hakuna kitu, mama," kwa upole.

Upole huo ukaihamia nyumba. Aliamka kabla ya watu wote akafagia ua. "Shikamoo, baba," kila asubuhi, amesimama wima. Aliomba ruhusa kwenda chooni. Aliporudishwa shule, alikwenda. Akitoka shule, alirudi. Geti halikulia tena saa za ajabu. Bibi alimchokoza, akamfinya, akamfichia viatu, akitafuta kaka yake wa zamani, mwisho akaenda kumlilia mama yake kwamba Chelewa amekuwa mgeni.

Majirani waliona walichokiona. "Fundi, dawa imeingia!" yule wa kuanua nguo akamwambia. "Hebu nipe namba ya huyo Sajenti, na mimi nina wangu hapa." Fundi akamwambia Sajenti amehamishwa, jambo ambalo lilikuwa kweli, akaingia ndani kwake akakaa kitandani na viatu.

Usiku mmoja baada ya chakula alijaribu. Alikuwa amejipanga siku tatu. "Mwanangu," akasema, "nilikukosea. Nisamehe."

"Ndiyo, baba," Chelewa akajibu, kwa sauti ile ile ambayo angejibu akitumwa maji. Akakusanya sahani akaenda kuziosha.

Kwa mama yake maneno yalitoka siku nyingine, yenyewe, bila kuitwa. Walikuwa uani wanaosha vyombo, yeye anasugua, kijana anasuuza. Ikafika zamu ya ile hotipoti. Mama Chelewa akaisugua kupita inavyostahili.

"Nilikudanganya siku ile," akasema bila kuinua macho. "Nilijua unakokwenda."

"Nami nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba kuna kitu. Ulivyomkaripia Bibi. Halafu hotipoti ilikuwa nzito." Alikuwa anamimina maji kidogo kidogo. "Baba hali chakula chote kile. Njia nzima nilikuwa nafikiria, hiki cha watu wawili. Nikasema, kumbe mmenipangia nikale naye. Tupatane. Ndiyo maana nilivaa shati."

Mama Chelewa akaacha kusugua. Ua ulikuwa na watu, watoto wanakimbizana, redio ya mtu inaongea. Kijana akainyoosha mikono, akamtoa ile hotipoti mikononi, akaisuuza, akaifudikiza juani.

Alimwambia mumewe jioni ile. Hakumwambia kwa kumlaumu. Alishindwa tu kuubeba mzigo huo peke yake. Fundi alisikiliza amesimama, kisha akatoka, akaenda mpaka karakana iliyokwisha fungwa, akafungua, akakaa kati ya vioo vyake mpaka giza lilipoingia. Tangu siku ile hawakugombana tena nani alianza. Kila mmoja alikuwa na fungu lake, na hakuna aliyetaka kumpunguzia mwenzake, wala kuongezewa.

Ule mkanda Mama Chelewa aliutafuta autupe, hakuuona. Mumewe alikuwa anafunga suruali kwa kamba ya katani, na hakuna aliyeuliza.

*

Ikapita miezi miwili. Mwishoni mwa mwezi wa pili, Jumamosi asubuhi, Fundi alikuwa na kioo kikubwa cha dirisha la mbele la duka jipya, mtaa wa pili tu, kilichokuwa hakistahili kupakiwa kwenye gari kwa mwendo mfupi vile. Vijana wake wa kazi mmoja alikuwa mgonjwa, mwingine kaenda msibani. Alikileta mpaka getini kwa mkokoteni, akachungulia ndani. Chelewa alikuwa kizingitini na kitabu.

"Njoo unishikie huku tukipeleke."

Fundi alikuwa ameshaisikia masikioni, kabla haijasemwa, ile "ndiyo" laini ya miezi miwili.

Kijana alifunika kitabu, kidole kikiwa ndani. Akakitazama kile kioo, akamtazama baba yake. Midomo ilimcheza. Ilionekana kabisa kwamba anaogopa.

"Sitaki," akasema.

Ua ukatulia. Jirani wa nguo akainua kichwa. Mle jikoni Mama Chelewa alisikia, akatoka na mikono ina unga, akasimama mlangoni nyuma ya mwanawe, tayari kwa lolote. Fundi alisikia joto likimpanda shingoni, lile lile la zamani, analijua kama anavyojua jina lake. Likampanda hadi masikioni. Akangoja. Likakaa, likakaa, halafu likaanza kushuka.

"Hutaki?" akauliza.

"Sitaki, baba. Nasoma." Macho hayakushuka. "Na sitaki kwenda mahali na wewe. Bado."

"Haya," Fundi akasema. "Haya, baba. Soma."

Alishika pembe moja ya kioo, akajaribu kukisimamisha peke yake, na kila mtu aliona kuwa hakiwezekani. Mama Chelewa akajifuta unga kwenye kanga, akapita pembeni ya mwanawe bila kumgusa, akaenda akashika upande wa pili. Hakuwahi kubeba kioo maishani mwake.

"Usikikumbatie," mumewe akamwambia. "Kishike kwa viganja."

"Nimekishika."

"Mimi natangulia."

"Utangulie unaona wapi? Nitangulie mimi."

"Mama Chelewa, kazi hii ni yangu."

"Na kioo kikinianguka mguu ni wa nani?"

Wakabishana hivyo getini, hawakuafikiana, mwisho wakaenda ubavu ubavu, hatua fupi fupi, kioo katikati yao, watu wakiwapisha njia. Nyuma yao Chelewa akalibamiza geti kwa nguvu, bati likalia mtaa mzima, kama zamani. Wote wawili wakashtuka, wakasimama. Mama Chelewa alikuwa analia. Kupitia kioo alimwona mumewe, naye analia vivyo hivyo.

"Twende," akasema. "Kizito hiki."